Mwongozo Kamili: Kumwandaa na Kumtunza Mgonjwa wa Upasuaji wa Moyo, Kuanzia Kikao cha Dawa ya Usingizi Hadi Kipimo cha INR

Mgonjwa wa vali za moyo, ile milango inayoifanya damu iende upande mmoja, anaweza kusubiri tarehe ya upasuaji kwa miezi mingi, na siku ikifika akarudishwa wodini. Alikunywa uji alfajiri. Ana jino bovu ambalo hakuna aliyelitaja. Aliacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ushauri wa jirani, au aliendelea nayo hadi usiku wa mwisho kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Wengine hufanyiwa upasuaji salama, wanarudi kwao, kisha wanaletwa tena na kiharusi kwa kuwa walijiona wamepona wakaacha dawa.

Makosa haya yanajirudia kwa sababu maelekezo hutolewa haraka, tena kwa mtu aliyejaa hofu. Mwongozo huu ni wa yule ndugu anayebeba faili. Nimemlenga mtu mzima anayebadilishwa vali ya mitra, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kwa kuwa kwetu huharibiwa mno na homa ya baridi yabisi inayofuata mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Sehemu kubwa inamfaa pia anayepandikizwa mishipa ya moyo. Daktari wako akiagiza tofauti na yaliyomo humu, fuata la daktari.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo moja la kuandikia kila kitu: dawa, dozi, tarehe, majibu na maswali.
- Mfuko wenye dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye maboksi yake. Weka na za asili, na za kununua dukani.
- Majibu ya vipimo: eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti), picha ya kifua, kundi la damu, wingi wa damu, figo, INR (muda wa damu kuganda) na seli mundu (ugonjwa wa damu wa kurithi).
- Bima au uthibitisho wa malipo.
- Ndugu na marafiki wa kuchangia damu.
- Mto mdogo mgumu wa kukumbatia wakati wa kukohoa.
- Mzani wa kupimia uzito na kipimajoto, vya nyumbani.
- Mashati au magauni ya kufungua mbele. Baada ya upasuaji hatainua mikono kuvaa fulana. Mwanamke aandae sidiria laini isiyo na waya, kwa sababu uzito wa matiti huvuta kidonda.

## Hatua ya 1: Jua nini kinaweza kwenda vibaya, kwa mgonjwa huyu

Mfupa wa kifua hukatwa katikati. Moyo husimamishwa kwa maji yenye potasiamu nyingi, na damu huzungushwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Ili damu isigande ndani ya mipira ya mashine, mgonjwa hupewa dawa iitwayo heparini. Kazi ikiisha hupewa protamini ya kuizima heparini. Ukishaelewa hapo, matatizo mengi yanajieleza.

Damu inaweza kuendelea kutoka, na wagonjwa wachache hurudishwa thieta usiku uleule ili chanzo kitafutwe. Kibonge cha damu, hewa au kipande cha vali ya zamani kinaweza kukimbilia kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Figo zinaweza kulegea, hasa zikiwa zilishachoka tangu mwanzo. Njia za umeme wa moyo hupita jirani kabisa na vali, hivyo wapo wanaohitaji betri ya moyo baadaye. Kidonda na mfupa vinaweza kuingiwa na vijidudu. Mapigo kwenda ovyo ni jambo la kawaida mno: humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 3, zaidi siku ya 2 au ya 3.

Dawa ya usingizi nayo ina hatari zake: chakula kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, mpira wa hewa kugoma kupita kooni, mzio, shinikizo la damu kuanguka ghafla. Kwa mwenye vali ya mitra iliyobana kuna la ziada. Damu inahitaji muda kupenya kwenye kitundu kile kidogo. Moyo ukienda mbio muda huo unakosekana, na damu inarudi kujaa mapafuni. Ndiyo maana daktari wa usingizi anahangaika na chochote kinachoharakisha mapigo, hata hofu.

Muulize daktari wa upasuaji kwa maneno haya: "Kwa hali aliyonayo leo, hatari ya kufa ni wangapi kati ya 100? Ya kiharusi je? Na tusipofanya upasuaji, tutegemee nini?" Swali la mwisho watu wengi hulisahau, na bila jibu lake huwezi kupima mengine.

Kama mgonjwa ni mwanamke anayetarajia kuzaa, mazungumzo ya aina ya vali yafanyike sasa. Vali ya chuma hudumu sana lakini inataka warfarini maisha yote, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Vali ya tishu, inayotengenezwa kwa tishu za mnyama, kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, ila huchakaa, na kijana atahitaji upasuaji mwingine. Uamuzi huu ni wa mgonjwa mwenyewe, na asiamuliwe na mume, mama mkwe wala kikao cha ukoo.

*Umefanikiwa kama* mgonjwa anaweza kueleza kwa maneno yake atafanyiwa nini, aina gani ya vali, na hatari kubwa tatu zinazomhusu yeye.

## Hatua ya 2: Meno, damu na seli mundu

Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, wiki kadhaa kabla. Vijidudu vya ufizi huingia kwenye damu na kujenga makazi juu ya vali mpya. Maambukizi hayo huua, na kuyatibu huchukua wiki nyingi za sindano. Jino la kung'olewa ling'olewe kabla ya upasuaji. Kama anatumia warfarini, mwambie daktari wa meno kabla hajafungua mdomo.

Kipimo cha seli mundu kifanyike hata kama mgonjwa hajawahi kuumwa nayo. Baridi ya mashine na upungufu wa oksijeni vinaweza kufanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Timu ikijua, itabadilisha namna ya kupoza mwili na kuandaa damu.

Wachangiaji wa damu wawe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume husubiri miezi 3 kati ya kuchangia mara moja na nyingine, mwanamke miezi 4. Si lazima kundi lao lifanane na la mgonjwa, kwa sababu damu yao huingia benki. Waende mapema, kwani damu lazima ipimwe kabla ya kutumika. Na asije mtu akakuuzia damu: damu haiuzwi.

## Hatua ya 3: Kikao na daktari wa usingizi

Hapa ndipo naomba usome polepole. Watu wengi hukichukulia kikao hiki kama kujaza fomu, wakati ndicho kinachoamua dawa gani zitumike, kwa kiasi gani, na vifaa gani viwe mezani kabla ya mgonjwa kufumba macho. Daktari wa usingizi hawezi kujikinga na jambo asilolijua. Mwambieni haya:

Usingizi uliopita. Aliwahi kulazwa usingizi? Alichelewa kuamka au kupumua mwenyewe? Je, kuna ndugu wa damu aliyepata homa kali ya ghafla na misuli kukakamaa akiwa thieta, au aliyefia huko bila sababu kueleweka? Kuna hitilafu za kurithi zinazofanya dawa fulani za usingizi kuwa sumu kwa ukoo huo. Mpigie shangazi na babu uwaulize.

Mzio. Wa dawa, vyakula, plasta, mpira wa glavu. Kama anatumia insulini ile inayofanana na maziwa kwenye chupa, itaje waziwazi. Ina protamini ndani yake, na mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuishambulia protamini atakayopewa mwisho wa upasuaji.

Koo na meno. Jino linalolegea, meno ya bandia, shingo isiyokunjuka, kukoroma kwa nguvu hadi pumzi inakatika. Ataombwa afungue mdomo na kutoa ulimi, ili daktari aone njia ya mpira wa hewa.

Kiungulia, mafua na kikohozi. Mafua ya wiki iliyopita yanatosha kuahirisha upasuaji. Yasifichwe kwa vidonge.

Sigara, ugoro, pombe, bangi, mirungi. Mirungi na bangi huharakisha mapigo, na nimeshaeleza hilo lina maana gani kwa vali iliyobana. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege siku mbili tatu baada ya upasuaji. Sigara iachwe wiki 4 au zaidi kabla. Hata kama muda umepita, saa 24 tu bila moshi hupunguza hewa ya sumu iliyoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Dawa za asili. Unga wa mizizi, vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi ya kukoleza, dawa za nguvu za kiume. Baadhi huzuia damu kuganda, nyingine hushusha shinikizo. Sema tu jina, au onyesha chupa. Anayekuuliza anatafuta kuokoa maisha, hatafuti mtu wa kumhukumu.

Mara nyingi ukweli haupatikani kwa sababu ya aliyekaa pembeni. Kijana hataji bangi mbele ya baba yake. Binti hataji kuchelewa kwa hedhi mbele ya mama. Ni haki ya mgonjwa kusema, "Mama, naomba mtupishe kidogo niongee na daktari." Nawe ndugu ukisikia hivyo, toka bila kuuliza.

Wengi huogopa kuamka katikati ya upasuaji. Hutokea, ila kwa nadra: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa za namna hiyo kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 19,000 wa usingizi wa jumla, na 1 kati ya 8,600 kwa upasuaji wa moyo na kifua. Mgonjwa aitaje hofu hiyo. Atafafanuliwa jinsi atakavyofuatiliwa.

## Hatua ya 4: Dawa za kuacha na za kuendelea nazo

Andika kwenye daftari jina la kila dawa, na mbele yake tarehe ya kuacha kama ilivyotamkwa na daktari. Usikisie. Haya yafuatayo ni ya kukuwezesha kuuliza vizuri.

Warfarini kwa kawaida huachwa siku 5 kabla, na wengine huwekwa kwenye sindano za heparini ili wasibaki bila kinga. Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, nayo huachwa takriban siku 5 kabla. Aspirini mara nyingi huendelea kwa anayepandikizwa mishipa. Dawa za kisukari za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini huachwa angalau siku 3 kabla, kwani zinaweza kufanya damu iwe na asidi kali hata sukari ikisoma vizuri. Enalaprili na losartani, dawa za shinikizo la damu, mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, ili shinikizo lisiporomoke.

Onyo: atenololi, bisoprololi na karvediloli, dawa za kupunguza mapigo, zisikatwe ghafla. Mapigo yanaweza kuruka juu vibaya. Asubuhi ya upasuaji mara nyingi humezwa kwa funda dogo la maji.

## Hatua ya 5: Usiku wa mwisho na kufunga kula

Dawa ya usingizi hulegeza mlango wa tumbo na kuondoa uwezo wa kukohoa. Kilichomo tumboni kikipanda, huteremkia mapafuni, na asidi yake huunguza. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni hii:

- Chakula kizito, chenye mafuta au nyama: saa 8 kabla.
- Chakula chepesi, uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: saa 6 kabla.
- Maziwa ya mama kwa mtoto: saa 4 kabla.
- Maji matupu au chai ya rangi: saa 2 kabla.

Uji ni chakula. Hata uwe mwepesi kiasi gani, ni chakula. Chai ya maziwa pia, supu pia, juisi ya embe pia. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, mlo wa mwisho uwe wa jioni, na funda la mwisho la maji saa 12 asubuhi, kama wodi imeruhusu. Wodi ikisema hakuna kitu baada ya saa 6 usiku, iwe hivyo. Aliyezoea funga ya Ramadhani aangalie hapa: daku ya saa 10 alfajiri haikubaliki.

Akila kwa bahati mbaya, sema mara moja. Kusogezwa siku moja kunauma, lakini kunafidiwa.

Jioni hiyo aoge kwa sabuni ya dawa aliyopewa, na asubuhi arudie. Asinyoe kifua kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo midogo ni malango ya vijidudu, na wauguzi watapunguza nywele kwa mashine. Rangi ya kucha itolewe. Hina nyeusi na piko visipakwe vidoleni wiki hizo, kwani vinaweza kuzuia mwanga wa kifaa kinachosoma oksijeni.

## Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Vua pete, hereni, shanga na meno ya bandia, ukabidhi kwa ndugu mmoja. Ataulizwa jina lake na upasuaji anaofanyiwa zaidi ya mara moja, na watu tofauti. Asiudhike. Ni orodha ya usalama inayotumika duniani kote, na kila mara ajibu mwenyewe.

Ndugu, upasuaji huchukua saa nyingi. Abaki mmoja mwenye simu iliyojaa chaji, wengine wakapumzike, maana kazi yenu inaanza kesho.

## Hatua ya 7: ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), utakachokiona

Utamkuta amevimba uso, ana mpira mdomoni unaompumulisha, mipira ya kifuani inayotoa damu, mrija wa mkojo, mirija shingoni na kwenye kifundo cha mkono, na pengine nyaya nyembamba za kusaidia mapigo. Yote hiyo ni kawaida. Mpira wa mdomoni ukiwepo hawezi kuongea. Mwambie mapema kwamba atawasiliana kwa kutikisa kichwa au kubana mkono.

Siku ya 2 au ya 3 anaweza kuchanganyikiwa: kumwita muuguzi jina la marehemu shangazi, kung'ang'ania kuchomoa mirija, kuona watu ukutani. Hajalogwa wala hajapata wazimu. Mkumbushe kwa upole siku, mahali na jina lako, mpe miwani yake au kifaa cha kusikia kama anacho, mwache alale usiku. Kwa wengi hupita ndani ya siku chache. Lakini mkono mmoja ukilegea au mdomo ukipinda, mwite muuguzi papo hapo. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.

## Hatua ya 8: Wodini, kukohoa na kutembea

Maumivu humfanya apumue kijuujuu, makohozi yanakaa chini, na nimonia inaingia. Akumbatie ule mto kifuani, avute pumzi ndefu mara 10, kisha akohoe. Arudie kila saa akiwa macho. Aombe dawa ya maumivu kabla ya zoezi, maana asiyeweza kukohoa kwa maumivu hajasaidiwa na uvumilivu wake.

Akitoka kitandani asijivute kwa mikono. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ainuke.

*Umefanikiwa kama* anatembea ukumbini bila kuhema kupita kiasi, anakula, hana homa, na kidonda ni kikavu.

## Hatua ya 9: Nyumbani, wiki 12 za mfupa

Mfupa wa kifua huunga kwa wiki 6 hadi 12. Katika kipindi hicho asibebe ndoo ya maji, mtoto, wala mkungu wa ndizi. Asitwange, asifue kwa kukamua, asipande bodaboda. Asiendeshe gari kabla daktari hajaruhusu, mara nyingi ni baada ya wiki 6.

Apime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, na aandike. Mrudishe hospitali bila kungoja kliniki akiwa na:

- homa ya 38 au zaidi;
- kidonda kinachotoa usaha, au mfupa unaogonga akigeuka;
- uzito ulioongezeka kilo 2 ndani ya siku chache, miguu kuvimba, kushindwa kulala chali;
- kuzimia au mapigo yanayokwenda ovyo;
- choo cheusi kama lami, au damu isiyokatika;
- sauti ya vali ya chuma iliyofifia au kupotea.

Hilo la mwisho lizingatie. Vali ya chuma hutoa mlio mdogo kama wa saa, na mgonjwa mwenyewe huusikia usiku kukiwa kimya. Mlio ukipotea, huenda bonge la damu limeshika vali. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

## Hatua ya 10: Warfarini na INR

Wengi hufanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kisha wanarudi Kigoma, Mtwara au Bukoba. Kabla ya kupanda basi, pata jibu la swali hili: karibu na kwetu, INR inapimwa wapi, siku gani, kwa shilingi ngapi? Piga simu kwenye maabara hiyo uthibitishe. Kurudi bila jibu ndiko kunakowafikisha wengi pabaya.

INR inaonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa vali ya chuma ya mitra lengo la kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, vali inaweza kuziba. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu ubongoni. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, na ikitulia muda hurefushwa.

Dawa inywewe saa ileile kila jioni. Akisahau na bado ni siku ileile, anywe. Ikishapita siku, aendelee na dozi ya kawaida. Asinywe mbili.

Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K inayopingana na warfarini. Asiviache, ila ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Hatari iko kwenye kubadilika ghafla, mtu akitoka mjini kwenye chipsi na kwenda kijijini kwenye kisamvu cha kila siku.

Flagyl, Septrin, flukonazoli na erithromisini huweza kupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo kwa maumivu atumie parasetamoli, asizidishe dozi. Dawa yoyote mpya ikianza au kuisha, INR ipimwe ndani ya siku chache. Aliyepangiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, asiiache, ila amkumbushe muuguzi kwamba anatumia warfarini, ili sehemu ya sindano ibanwe muda mrefu.

Hedhi ikichelewa, apime mimba siku hiyohiyo na kwenda kwa daktari. Asiache warfarini mwenyewe kwa hofu, kwa kuwa vali ikiganda wanapotea wawili.

Mwisho, tengenezeni kadi ndogo: jina, kundi la damu, aina ya vali na tarehe ilipowekwa, "Natumia warfarini", kiwango cha INR, mzio, matatizo yoyote ya usingizi yaliyotokea, na "Nahitaji antibayotiki kabla ya kung'olewa jino". Ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na picha yake iwe kwenye simu za ndugu wawili.